Bomba linalomwaga majitaka mtaani kwetu: je, sheria ya mazingira inamtetea anayeishi ukingoni mwa ziwa?

Mkazi wa Ilemela ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walionizidi umri nawaamkia.

Ninaishi Mwanza, wilaya ya Ilemela, katika mtaa unaoanzia juu kwenye mawe na kushuka hadi ukingoni mwa ziwa. Maji ya bomba tunayo, lakini yanapokatika sisi wa chini hubeba ndoo kwenda ziwani, kama walivyofanya bibi zetu. Hapo ndipo lilipo tatizo langu. Kati ya mawe mawili makubwa, hatua kama arobaini kutoka mahali tunapochota, pana mdomo wa bomba linalotokea kwenye ukuta wa kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, ambacho sitakitaja kwa sababu nimekuja kuuliza sheria na sikuja kumshtaki mtu hadharani. Maji yake hutoka zaidi alfajiri. Yana rangi ya maji yaliyooshea nyama, yananuka damu iliyolala, na yana mafuta. Juma lililopita binti yangu alirudi na ndoo nyeupe ikiwa na mstari wa kijivu uliozunguka ndani yote, pale maji yalipoishia. Sabuni ya unga haikuutoa, hadi aliposugua kwa mchanga. Jirani yangu, mama anayeanika dagaa, amehamisha vichanja vyake mara mbili mwaka huu kwa ajili ya nzi.

Tulilifikisha suala hili kwenye mkutano wa mtaa. Tulijibiwa kwa upole kwamba kiwanda kimeajiri vijana, kinalipa kodi, na kwamba maendeleo yana gharama zake. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini gharama hizo zimekaa upande mmoja. Wanaokula minofu wako mbali, wengi wa wanaopokea mishahara wanaishi mitaa mingine, kodi inakwenda kwa wakusanyaji, na damu ya samaki ndiyo inayobaki kwetu.

Kuna semina moja niliyohudhuria ambapo mtoa mada alitaja sheria ya haki ya mazingira na akasema ni nguzo ya maendeleo endelevu, kisha akapita haraka kwenda mada nyingine. Tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kichwani, kwa kuwa katika Kiswahili neno haki linabeba mambo mawili kwa pamoja: kitu ninachostahili kupewa, na usawa katika kugawana kilichopo, kiwe kizuri au kibaya. Ninaelewa kwamba ninastahili maji safi. Ninachotaka kujua ni hili la pili. Je, ipo sheria katika nchi yetu inayosema kwamba uchafu wa maendeleo usirundikwe kwa watu walewale kila siku? Na kama ipo, mtu wa kawaida anaishikaje?

Wakili wa Nyamagana amejibu:

Dada Mkazi, asante kwa swali lililotulia. Niruhusu nianze mbali kidogo.

Mwaka 1982, katika kaunti ya Warren, jimbo la North Carolina nchini Marekani, serikali ya jimbo iliamua kufukia udongo wenye kemikali za sumu katika eneo ambalo wakazi wake wengi walikuwa watu weusi wenye kipato cha chini. Wakazi walilala barabarani kuyazuia malori, mamia wakakamatwa, na dampo likajengwa vilevile. Hata hivyo swali lao la kwa nini sumu ile ipelekwe kwao na isipelekwe kwingine halikuzikwa pamoja na udongo. Februari 1994 Rais Clinton alitia saini amri namba 12898, iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuangalia kama shughuli zao zinawaelemea maskini na jamii za wachache kuliko wengine. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025 na Rais Trump, na mimi huichukua habari hiyo kama onyo kwamba haki iliyosimama juu ya amri ya mtawala mmoja huondoka kwa kalamu ya mwingine.

Sasa nyumbani. Tanzania haina sheria yenye jina hilo, lakini vipande vyake vipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, inasema katika kifungu cha 4 kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa mtu yeyote ruhusa ya kufungua shauri pale tendo la mwingine, au kutotenda kwake, kunapotishia afya ya watu au mazingira, na kinaielekeza mahakama iongozwe na kanuni kadhaa, miongoni mwake kanuni ya tahadhari, kanuni ya mchafuzi kulipa, ushiriki wa watu katika maamuzi, na usawa kati ya kizazi na kizazi. Kifungu cha 172 kinahusu haki ya kupata taarifa za mazingira, na cha 178 kinahusu wananchi kushirikishwa. Ukivisoma vifungu hivyo kwa pamoja utaona kwamba swali lako la mgawanyo limo ndani yake, japokuwa halikuandikwa kwa maneno uliyotumia wewe.

Kuna shauri moja ambalo kila anayesoma sheria za mazingira nchini hulikuta mapema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu ikawapa haki na kuliamuru jiji liache. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba liongezewe muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akashangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu, na akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Wakati huo hapakuwa na sheria ya 2004. Katiba yetu haikuwa na neno moja juu ya haki ya mazingira safi, na hadi leo haina kwa uwazi, lakini jaji aliona kwamba mtu anayepumua moshi wa taka usiku na mchana anapunguziwa uhai wake.

Wengi huishia hapo na kufurahi. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wasogee hatua moja mbele. Taka zilizoondoka Tabata zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko, zaidi ya mia saba, wakalazimika kwenda mahakamani nao, mwaka 1991, kulizuia jiji lilelile. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti. Kila mtaa ulipopata nguvu ya kusema, mzigo ulihamishiwa mtaa mwingine. Mahakama ilitenda haki kwa kila aliyeifikia, na bado taka hazikupungua hata kilo moja. Kwa hiyo, dada yangu, utakapoandika malalamiko yako, jihadhari na maneno "bomba liondolewe mtaani kwetu". Likiondolewa litapelekwa wapi?

Kuhusu maendeleo endelevu, ripoti ya mwaka 1987 ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, hunukuliwa kila mahali kwa maneno yake juu ya vizazi vijavyo. Sehemu isiyonukuliwa sana ni ile inayosema kwamba mahitaji ya msingi ya maskini wa dunia yapewe kipaumbele kuliko yote. Aliyewaambia kwamba maendeleo yana gharama hakukosea, ila hakusema ni nani anayelipa, na hilo ndilo sheria inalomtaka aseme.

Mzee wa Mwalo amejibu:

Mwanangu Mkazi, marahaba. Nimevua zaidi ya miaka thelathini katika ghuba hii, na sasa ninashughulika na kikundi cha usimamizi wa mwalo wetu. Sikusoma sheria, lakini sheria imenifikia nyumbani.

Wote mtakuwa mmesikia habari ya mita sitini kutoka ukingo wa maji, eneo ambalo sheria inalihifadhi. Hiyo imefika kwetu ikiwa na nyundo. Walikuja watu wa ofisi moja, wakapima kwa utepe kutoka majini, wakavunja vichanja vya kina mama vya kuanikia dagaa, na banda la nyasi tulilohifadhia nyavu na karabai. Wakasema ziwa linahifadhiwa. Tulinyamaza, kwa sababu ziwa ni letu na tunapenda lihifadhiwe. Lakini utepe uleule ungenyooshwa kulia kwa hatua mia mbili ungekuta ukuta wa zege, na ukuta huo uko karibu na maji kuliko vichanja vilivyovunjwa. Haukupimwa. Niliuliza kwa heshima kwa nini haukupimwa, nikaambiwa ule ni uwekezaji.

Sisi wavuvi tumelaumiwa mengi, na mengine ni kweli. Kokoro, ule wavu unaokokotwa hadi ufukweni, limeharibu mazalia ya samaki, na wapo waliovua kwa sumu, jambo la aibu kubwa. Nimeona furu wa kila rangi wakiisha baada ya sangara kutawala, nimeona magugumaji ya miaka ya tisini yakifunga mwalo hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Mvuvi akikamatwa na kokoro, kokoro lake huchomwa mbele ya umma, na ninaunga mkono. Ninachoomba Wakili anisaidie ni kitu kimoja tu. Sheria inayomkuta mwenye mti na kumpita mwenye zege, hiyo bado ni sheria, au ni kitu kingine kilichovaa nguo zake?

Mpima Ubora amejibu:

Shikamoo Mzee wa Mwalo. Dada Mkazi, habari za huko.

Nilifanya kazi miaka sita katika chumba cha kupima ubora cha kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa hili. Sikitaji jina, na si lazima kiwe hicho cha mtaani kwenu. Naomba nieleze maji hayo ni nini, kwa sababu bila kuelewa utashindwa kuuliza maswali yanayouma.

Samaki akichunwa na kukatwa minofu, sakafu na meza huoshwa kwa maji mengi, na maji hayo hubeba damu, mafuta, magamba na vipande vya nyama. Vyote ni vitu vya asili, na ndiyo maana watu husema havina madhara. Madhara yake yako kwenye hewa. Vijidudu vinavyovila vitu hivyo hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na uchafu ukiwa mwingi kuliko uwezo wa maji, samaki wadogo na mayai yao hukosa pumzi, huku naitrojeni na fosforasi iliyobaki ikilisha mwani na magugumaji. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotolewa yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu kwa siku tano, na miligramu 60 katika kipimo cha oksijeni ya kikemikali. Ili kufika hapo, maji yanapaswa kupita kwenye machujio, tangi la kutenganisha mafuta, tangi linalopulizwa hewa, kisha bwawa la kutulia.

Mahali nilipofanyia kazi matangi yote yalikuwepo. Wageni walionyeshwa, nayo yalipendeza. Pampu za hewa zinakula umeme, na mara nyingi nimemwona msimamizi wa zamu ya usiku akizizima saa tano, kisha zamu inapoosha sakafu kabla ya kukabidhi, maji yakapita moja kwa moja. Ukisema maji ya kwenu hutoka alfajiri, mimi sishangai.

Kuna jambo jingine lililonisumbua kwa miaka yote sita. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Wakubwa zangu kazini waliupitia wakati huo na walitusimulia jinsi viwanda vilivyohangaika usiku na mchana, maabara zikaanzishwa, meza za chuma kisichoshika kutu zikaletwa, wakaguzi wakafunzwa, na baada ya muda mfupi soko likafunguliwa. Kwa hiyo uwezo upo. Mimi nilipima maji yanayoingia kiwandani, yale yatakayomgusa samaki, mara kadhaa kila zamu, na nikikosea napewa barua ya onyo. Maji yanayotoka nilipimishwa pale mkaguzi alipotarajiwa. Mlaji wa Ulaya alikuwa na mlango wa kugonga, akagonga, akasikilizwa. Anayechota maji kando ya ukuta hakuwa na mlango huo.

Pamoja na hayo, naomba msidai kiwanda kifungwe. Nawafahamu wanawake wanaosimama kwenye baridi ya chumba cha kupangia minofu kwa ujira wa siku, na nawafahamu wanaonunua mapanki mlangoni, yaani mabaki ya samaki aliyekwisha kutolewa minofu, kuyakaanga na kusomesha watoto. Kiwanda kikifungwa Ijumaa, hao ndio watakaolala njaa Jumamosi, na mwenye mtaji atakuwa amehamia kwingine. Itakuwa Tabata na Kunduchi tena, kwa sura nyingine. Daini pampu za hewa ziwake usiku.

Msomaji wa Kisumu amejibu:

Hamjambo majirani. Nawafuatilia kutoka upande wa pili wa maji, na naomba kuchangia kwa kuwa ziwa hili ni moja. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi uchafu. Kinachomwagwa Mwanza au Kisumu kinakaa humu humu kwa muda mrefu sana, na hata sisi wenye asilimia kama sita tu ya uso wa ziwa tunakionja.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inataja haki ya mazingira safi na yenye afya kwa jina, katika ibara ya 42, na ibara ya 70 inasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichojengwa kando ya nyumba zao, waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwezi Julai 2020, na vyombo vya serikali vilivyopaswa kusimamia vikabebeshwa sehemu ya wajibu. Lakini msiwaonee wivu. Shauri lilikatiwa rufaa, fidia ikatenguliwa, na ilirejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Watoto waliopimwa damu wakiwa wa chekechea wamekuwa vijana wakati karatasi zikipanda ngazi.

Tena kuna njia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ilitiwa saini Arusha Novemba 2003, na kamisheni yake iko hapa kwetu Kisumu. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililoletwa na shirika la wanaharakati wa wanyama, bila mmoja wao kumiliki hata ekari moja huko. Wanaotaka njia hiyo wakumbuke kwamba mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu tendo linalolalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipolijua. Wengi wameanguka hapo kabla ya kusikilizwa.

Wakili wa Nyamagana amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako limenifanya nikifungue kifungu chenyewe upya. Mita sitini ziko kwenye kifungu cha 57, na kinakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Kichanja cha miti kinachong'olewa kwa mkono ni vigumu kukiita cha kudumu. Ukuta wa zege ni vigumu kuuita kitu kingine. Waziri anaweza kutoa miongozo ya shughuli zinazoruhusiwa ndani ya eneo hilo, kwa hiyo kikundi chenu kina haki ya kuuliza kwa maandishi ni mwongozo upi uliotumika kuvunja, na ni upi uliotumika kuacha. Sheria ikitumika kwa mmoja na kusitishwa kwa mwingine bila sababu inayoweza kuandikwa, tatizo liko kwa mtumiaji, na huyo naye anashitakika kwa kutotenda.

Ndugu wa Kisumu, nakubaliana nawe kwamba tumebanwa zaidi. Mwaka 2020 marekebisho ya sheria yetu ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, jambo lililowafungia nje wengi waliokuwa wakiwasemea wengine, hadi Mahakama ya Rufani ilipoyabatilisha masharti hayo mwaka 2025. Mwaka huohuo mashauri dhidi ya halmashauri na taasisi za umma nayo yakawekwa chini ya masharti ya notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa Dada Mkazi kikwazo cha kwanza hakingemzuia hata wakati ule, kwa sababu ndoo ni yake na binti ni wake, na kifungu cha 5 cha sheria ya mazingira kinajitegemea.

Lakini mahakama iwe mwisho wa safari. Chombo cha Taifa cha mazingira kina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na sheria inakipa uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira, yaani kumtaka mchafuzi aache, asafishe, na alipe waliodhurika, bila kulazimika kufunga. Ndilo alilolitetea Mpima Ubora, na ninaliunga mkono. Vilevile anayetiririsha majitaka ziwani anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kibali huwa na masharti. Ombeni nakala ya kibali na ya taarifa za ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi iliyoombwa siku 30 kujibu. Nimeona ofisi ambayo ilipuuza barua tatu za malalamiko ikajibu upesi barua moja ya kuomba nakala, kwa kuwa malalamiko yanaomba huruma na ombi la nakala linahesabu siku.

Barua isainiwe na wengi, iwe na muhuri wa mapokezi juu ya nakala yenu, na isiseme "tunanyanyaswa". Iseme tarehe, saa, rangi, harufu, mahali.

Mpima Ubora amejibu:

Naongezea juu ya sampuli, kwa sababu nimeona mashauri ya watu yakiharibikia kwenye chupa. Msichote wenyewe na kupeleka kwenye chupa ya soda. Iombeni maabara ya ubora wa maji iliyopo Mwanza itume mtaalamu wake, na mtendaji wa mtaa awepo asaini. Zichukuliwe sehemu tatu: upande ambao maji ya bomba hayafiki, mdomoni penyewe, na pale mnapochota. Sampuli ya mdomoni peke yake itaonyesha uchafu wa kiwanda, lakini mwenye kiwanda atasema ziwa lote ndivyo lilivyo. Chupa zikae kwenye barafu na zifike maabara mapema, kwa maana kile kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu kikicheleweshwa zaidi ya siku mbili kinapoteza maana. Na muhimu kuliko vyote, zichukuliwe alfajiri. Mkienda saa nne asubuhi mtapima maji ya pampu zinazofanya kazi.

Mkazi wa Ilemela amejibu:

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee wangu Mungu akuzidishie umri. Nilikuja nikiwa na hasira ya bomba, na Wakili ameniuliza litapelekwa wapi likiondoka. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Upande wa kusini kwetu kuna mtaa mwingine ulio ukingoni, maskini kuliko sisi, na nina hakika bomba lingepelekwa huko. Katika rasimu ya barua nimefuta neno "liondolewe", nikaandika kwamba tunaomba maji yasafishwe saa zote za usiku na mchana hadi yafikie kiwango cha kanuni, na kwamba taarifa za vipimo zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kusoma kama namba imezidi 30.

Barua mbili zitapelekwa Jumatatu, moja ya malalamiko na moja ya kuomba nakala za kibali na ukaguzi. Wamesaini watu thelathini na sita. Vijana wanne wanaofanya vibarua kiwandani walisita mwanzoni. Tulipowasomea maneno ya Mpima Ubora kuhusu pampu za hewa, watatu wakasaini na wa nne akaomba tumwache, nasi tumemwacha.

Kazi ya kuandika kumbukumbu tumempa jirani yangu wa dagaa, kwa kuwa yeye huwa ameamka kuwahi jua. Alisema mwandiko wake si mzuri. Tumemnunulia daftari la mistari na kalamu mbili, na leo asubuhi amenionyesha ukurasa wa kwanza: "Alhamisi. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Yameanza kutoka. Mekundu, yana povu. Saa kumi na mbili kasoro robo yamekoma. Watoto watano wamekuja kuchota saa kumi na mbili kamili, nimewarudisha."